Chama Huanza Siku Tunapoambiana Bei



Mara kwa mara naulizwa na wanawake wenzangu wenye biashara ndogo ndogo: hivi vikundi vya wanawake wafanyabiashara vina faida gani hasa? Swali lina sababu zake. Wengi wameingia kikundi wakakuta ni sare ya kitenge, picha za pamoja na mchango wa keki. Mwaka unamalizika, biashara iko pale pale. Wengine hawataki hata kusogea, kwa kuogopa husda. Wanasema ukishakaa na wenzako kila mwezi, mambo yako yote yatakuwa nje.

Leo nimeona nijibu kwa historia. Nitakusimulieni habari za wanawake wa mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, India. Wengi wao walikuwa mafundi cherehani, mahamali na wauza mitumba. Hawakuwa na hoteli ya kukutania wala kadi za biashara. Lakini walianzisha chama ambacho leo kina wanachama zaidi ya milioni 2.

Na Gujarat si ugenini kwetu sisi watu wa visiwani. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka pwani ile yakileta nguo, yakarudi na kusi yakiwa na pembe na bidhaa zetu nyingine. Wafanyabiashara wa Kigujarati walijenga maduka na nyumba Mji Mkongwe ambazo mpaka leo tunapita mbele yake. Hata kanga tunazojifunga, nyingi bado zinatoka India.

Mji wa viwanda vya nguo

Ahmedabad ulijulikana kwa viwanda vya nguo, mpaka watu wakauita Manchester ya India. Mwaka 1918 wafanyakazi wa viwanda hivyo waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na Mahatma Gandhi akasimama pamoja nao. Mwaka 1920 wakaunda chama chao, kilichojulikana kama Textile Labour Association. Mmoja wa waasisi wake alikuwa mwanamke, Anasuya Sarabhai. Ajabu ni kwamba ndugu yake wa kiume, Ambalal Sarabhai, alikuwa mwenye kiwanda. Bibi huyu alisimama upande wa wafanyakazi huku ndugu yake akiwa upande wa matajiri.

Mwaka 1954 chama hicho kikafungua tawi la wanawake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanawake wa familia za wafanyakazi kushona, kufuma, kudarizi na kupiga taipu. Niliposoma habari hiyo nilitabasamu, kwa sababu hata mimi baada ya sekondari nilipelekwa kozi ya cherehani. Wazo ni lile lile kila mahali: mpe mwanamke cherehani, mambo yake yatanyooka.

Cherehani ni kitu kikubwa, sitaidharau kwa sababu ndiyo inayonilisha. Lakini ukishajua kushona unahitaji kitu cha pili ambacho hakifundishwi darasani, nacho ni kujua thamani ya unachoshona na nani anaipanga. Wanawake wa Ahmedabad walijifunza kushona, wakaenda nyumbani, wakaanza kuchukua kazi kwa mawakala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 malalamiko yakaanza kufika kwenye lile tawi: mafundi wanawake wanasema mawakala wanawanyonya.

Mwenye kushonea nyumbani kazi za tajiri atanielewa hapa. Unaletewa vitambaa vimeshakatwa, unashona, unalipwa kwa kipande. Jirani yako naye anashona nguo hiyo hiyo kwa tajiri huyo huyo. Ukuta mmoja ndio unaokutenganisheni, mnasikia hata cherehani ya mwenzio ikikimbia usiku, lakini hakuna anayejua mwenzake analipwa ngapi. Wewe unanyamaza kwa aibu kwamba pengine unalipwa kidogo. Yeye ananyamaza kwa hofu kwamba pengine analipwa zaidi na wewe utakwenda kumwaribia. Tajiri ndiye peke yake anayezijua bei zote mbili.

Tawi likafanya uchunguzi juu ya malalamiko yale. Likagundua kwamba tatizo ni kubwa kuliko cherehani. Wanawake wengi sana walikuwa wakifanya kazi mjini, lakini hakuna chama kilichowatambua wala sheria iliyowalinda.

Bei zilizochapishwa kwenye kadi

Tawi hilo lilikuwa likiongozwa tangu mwaka 1968 na mwanasheria aitwaye Ela Bhatt, aliyezaliwa Ahmedabad mwaka 1933. Mwaka 1971 walimjia wanawake waliohamia mjini kutoka mashamba, wakifanya kazi ya kuvuta magari ya hamali katika soko la nguo. Wengine walikuwa wakibeba majora ya vitambaa kichwani kutoka duka la jumla mpaka duka la rejareja. Walilala barabarani, hawakuwa na makaazi.

Bibi Ela akaenda kuwaona mahali walipo. Akawasikiliza, kisha akaandika makala katika gazeti la pale mjini akieleza hali zao na jinsi wafanyabiashara wa nguo wanavyowapunja. Wafanyabiashara wakakasirika. Nao wakaandika makala yao gazetini kukanusha, wakieleza kwamba wao wanawalipa mahamali vizuri, na kiwango chenyewe ni hiki na hiki.

Sasa angalieni akili ya wanawake. Badala ya kuanza kubishana tena gazetini, tawi likachukua maneno yale ya wafanyabiashara, likayachapisha kwenye kadi, likawagawia mahamali wenyewe. Kila mwanamke akawa na kadi mkononi. Akimaliza kubeba mzigo, akilipwa pungufu, anaitoa: hiki ndicho mlichosema mnalipa. Wafanyabiashara walikuwa wamesema wenyewe mbele ya mji mzima, na sasa neno lao lilikuwa limewarudia.

Kwangu mimi hapa ndipo chama kilipozaliwa hasa, kabla hata hakijapewa jina. Kadi ile haikuwa na hadithi yoyote ya kuinua moyo. Ilikuwa na bei. Na bei ile, ikishajulikana na wanawake wote kwa pamoja, inakuwa na nguvu ambayo haikuwa nayo ilipokuwa imefichwa kifuani mwa mmoja mmoja.

Tajiri wenu ni nani?

Habari za zile kadi zilienea haraka. Wakaja wanawake wa mitumba, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakibadilisha vyombo vipya kwa nguo kuukuu, kisha wanazishona zilipochanika, wanazifua na kuziuza sokoni. Wakaitishana mkutano katika bustani ya wazi, wakafika wanawake kama 100. Katika mkutano huo mmoja wao akatoa shauri: kwa nini tusiwe na chama chetu wenyewe? Ilikuwa Desemba 1971. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha SEWA, yaani Chama cha Wanawake Waliojiajiri. Katika lugha za kule, neno seva lina maana ya huduma, kwa hiyo jina likawa na maana mbili nzuri.

Lilipofika suala la usajili, likatokea pingamizi. Maofisa wa kazi wakauliza: chama cha wafanyakazi hudai haki kwa mwajiri, sasa nyinyi mwajiri wenu ni nani? Huyu anauza mboga, yule anabeba mizigo, huyu anashona kwake. Mtamgomea nani? Bibi Ela na wenzake wakajibu kwamba wanawake wanaungana kwa ajili ya umoja wao, si lazima pawe na mtu wa kupambana naye. Walibishana miezi. Usajili ukapatikana Aprili 1972.

Kuna jambo katika jina lile lililonigusa. Kabla ya hapo wataalamu waliwaita wanawake hawa kwa majina ya upungufu: wasio rasmi, wasio na mpango, wasio na ajira. Ela Bhatt alikataa. Alisema mwanamke anayeamka alfajiri akauza mboga mpaka magharibi huwezi kumwita hana kazi. Mwite aliyejiajiri. Na sisi tunalo hilo hilo. Mara ngapi mwanamke mwenye oda kumi za abaya kabatini akiulizwa kazi yake anajibu, mimi niko nyumbani tu?

Rupia 10 na saini za usiku

Wanawake walipoendelea kuambiana mambo yao, ikatoka siri nyingine, ya madeni. Mwenye kuuza mboga alikuwa akikopa asubuhi kwa mkopeshaji, ananunua mzigo, anauza, jioni anarudisha pamoja na ziada. Kesho anaanza upya. Hata gari la kusukuma wengine walikodi mwaka hadi mwaka, na kodi waliyokwisha kulipa ingetosha kununua magari kadhaa. Kila mmoja alidhani ni mkosi wake. Walipokaa pamoja wakajua si mkosi, ni utaratibu, na kuna watu wanaishi kwa utaratibu huo.

Walijaribu benki za kawaida. Wanawake wakafika na watoto mgongoni, nguo zimechafuka kwa kazi, saa ambazo wao wana nafasi na si saa za benki. Makarani hawakuwapokea vizuri. Wengine hawakujua kusoma, fomu zikawashinda.

Ndipo katika mkutano wakasema wanataka benki yao wenyewe. Wakaambiwa sisi ni maskini, benki tutaitoa wapi? Wakajibu kwamba ni maskini kweli, lakini ni wengi. Mwaka 1974 wanawake 4,000 wakatoa rupia 10 kila mmoja kuwa hisa, na benki ya ushirika ikasajiliwa. Haikuwa rahisi. Maofisa wa usajili hawakuamini kwamba wanawake wasiojua kusoma wataendesha benki. Walitakiwa watie saini, na baadhi ya waasisi hawakuwahi kushika kalamu maishani. Wakakesha usiku wakifundishana kuandika majina yao, mpaka mikono ikazoea. Kulipokucha walikwenda kutia saini kwa mikono yao.

Kwa wateja wasiojua kuandika, benki ikatumia picha. Kitabu cha akiba kikawa na picha ya mwenyewe, ili pesa zake zisichukuliwe na mtu mwingine.

Najua hapa msomaji wangu atasema, mbona benki ile inatoa mikopo ya riba? Ni kweli, na sisi tuna mipaka yetu ya dini. Lakini sisi tayari tuna upatu, ambao bibi zetu walicheza bila karatasi na bila riba: watu kumi wanatoa sawa, kila mmoja anapokea zamu yake. Tulichokosa mara nyingi ni hatua ya pili. Upatu unamalizika, kila mtu ananunua kabati lake, tunatawanyika. Wanawake wa Ahmedabad hawakutawanyika.

Washona mabaki

Sehemu ya historia hii ninayoipenda zaidi ni ya washona malihafu, kwa sababu hawa ni mafundi kama mimi, na wengi wao walikuwa Waislamu, wanawake wa mtaa wa Dariapur waliofanya kazi ndani ya nyumba zao.

Viwanda vya nguo vilikuwa na mabaki ya vitambaa, vipande vipande ambavyo kwao huitwa chindi. Wafanyabiashara waliyanunua mabaki hayo viwandani, wakawagawia wanawake, nao wakayaunganisha kwa cherehani kuwa mifuko mikubwa ya kufunikia malihafu, yale mablanketi mazito ya pamba. Wakarudisha kwa mfanyabiashara, wakalipwa kwa kipande. Fundi hakujua mabaki yamenunuliwa kiasi gani, wala mfuko aliouunganisha kwa macho yake utauzwa kiasi gani. Alijua ujira wake tu, nao ulikuwa mdogo.

Walipojiunga na SEWA na kudai nyongeza, wafanyabiashara walikubali kisha wakalipiza kisasi. Mwanamke aliyejitokeza mbele hakupewa tena mabaki. Cherehani ikakaa kimya ndani ya nyumba. Jamani, hili si jambo dogo. Ni rahisi kusema tuungane, lakini anayenyimwa kazi ndiye anayeulizwa na watoto chakula kiko wapi. Vikundi vingi hufia hapo hapo, kwa sababu wenzake hurudi kwa tajiri mmoja mmoja kimya kimya, tena kwa bei ya chini zaidi.

Kilichowaokoa ni kwamba sasa walikuwa wakijua mabaki yanatoka wapi. Chama kikaenda viwandani kuyanunua moja kwa moja, kikawagawia mafundi wake, na wakawa na mahali pao pa kuuzia. Miaka ya mwanzo ya 1980 wakawa na ushirika wao waliouita Sabina. Mtaji haukuwa mkubwa, na wafanyabiashara hawakuacha kuwawekea vikwazo, lakini fundi sasa alijua hesabu yote: kitambaa kimeingia kwa kiasi gani, kimetoka kwa kiasi gani, na yeye yuko wapi katikati.

Walipofukuzwa

Mwaka 1981 yakatokea machafuko Gujarat kuhusu nafasi za vyuo vya udaktari zilizotengwa kwa watu wa matabaka yaliyodharauliwa. SEWA, ambayo wanachama wake wengi walikuwa wanawake wa matabaka hayo, ikasimama upande wao. Chama kikubwa cha viwandani, ambacho ndicho kilichoilea, hakikupendezwa. Wakaitoa SEWA nje.

Wengi walidhani imekwisha. Lakini benki ilikuwa yao, vitabu vya hesabu vilikuwa vyao, na wanachama walikuja kwa ajili ya kazi zao, si kwa ajili ya jengo. Waliendelea na wakakua zaidi kuliko mwanzo. Viwanda vikubwa vya Ahmedabad vilifungwa kimoja baada ya kimoja katika miaka iliyofuata, na chama kile kikubwa kikadhoofika pamoja navyo. Kile cha wanawake wa mitumba kimebaki.

Mlango wao ulifunguka pia kwa wanawake wa Afrika. Mwaka 1975 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu wanawake katika mji wa Mexico. Ela Bhatt alikuwepo, na Esther Ocloo wa Ghana, mfanyabiashara aliyeanza kwa kuuza jemu ya machungwa na baadaye kujenga kiwanda cha vyakula. Katika mazungumzo ya mkutano ule likazaliwa wazo la mtandao wa kuwasaidia wanawake wafanyabiashara kupata mitaji, na mwaka 1979 ukaanzishwa rasmi kwa jina la Women's World Banking. Bibi Esther akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Na mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba namba 177 kuhusu wafanyakazi wanaofanyia kazi zao nyumbani, jambo ambalo SEWA ililipigania kwa miaka. Ela Bhatt alifariki Novemba 2022.

Na sisi huku

Tazameni sasa hapa kwetu. Kofia ya viua ya mkono inachukua wiki nyingi, mwanamke anatoboa tundu moja moja mpaka macho yanamuuma. Anayeinunua kwake ni mchuuzi, na anayeivaa siku ya Idi amelipa bei nyingine kabisa. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi walioingia majini walikuwa wanawake. Bei ya mwani mkavu kwa miaka mingi imepangwa na mnunuzi. Sisi mafundi wa madera na sare za harusi tunashona kwa kipande kwa wenye maduka. Tofauti yetu na washona mabaki wa Dariapur ni jina la nguo tu.

Kwa hiyo anayeniuliza kama ajiunge na kikundi, naye namuuliza: katika kikundi hicho, watu wanaambiana bei? Wanajua jora linauzwaje kwa jumla, nani analeta uzi kwa bei nafuu, duka gani linalipa kwa wakati na lipi linazungusha? Mahesabu yanasomwa mbele ya wote? Kikundi kinachofanya hayo, hata kikikutana barazani kwa kikombe cha kahawa na bila sare, kinafaa. Kisichofanya hayo ni sherehe, na sherehe nayo ni nzuri, lakini usiitegemee kukuza biashara.

Na wenye hofu ya husda, hofu yenu naiheshimu. Si kila kitu cha kutoa nje. Wateja wako ni wako, mishono yako ni yako, akiba yako ni baina yako na Mola wako. Lakini bei anayokulipa tajiri si siri yako. Ni siri yake yeye, na wewe ndiye unayemtunzia bila ujira.

Anzeni wawili. Fundi aliye upande wa pili wa ukuta, ambaye cherehani yake unaisikia usiku, mwulize dera moja wanampa ngapi, na wewe umwambie unalipwa ngapi. Akikataa kusema, tangulia wewe.